Jicho la Kushoto la Mektilda

Wapangaji wenzake katika nyumba ile ya Mtaa wa Msimbazi hawakujua kwamba Mektilda alikuwa haoni vizuri. Alirudi kutoka masomoni Budapest na lenzi laini za kuvaa ndani ya jicho, akaachana na miwani mizito iliyomfanya aitwe Bibi Chupa tangu shule ya misheni. Chumbani mwake hakuingia mtu. Alipika peke yake, akala peke yake, na Jumapili alijilaza akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani.

Kisha dawa ya kulowekea lenzi ikaisha. Ulikuwa wakati wa uhaba; hata sabuni ilipangiwa foleni, sembuse kitu ambacho wauza dawa wa Kariakoo hawakuwahi kukisikia. Mektilda akaanza kutumia maji ya pipa la uani, akikoroga na chumvi kidogo. Kwa kuyatazama, yalikuwa safi.

Jicho la kushoto lilianza kwa kuwasha. Likawa jekundu, likatoa tongotongo, mwisho mwanga wa dirishani ukawa unamchoma. Akaomba ruhusa kazini, akajifungia. Hata hivyo kila asubuhi aliipachika lenzi, kwa kuogopa kuonekana akipapasa ukuta kwenda msalani.

Bi Sabaha wa chumba cha pili ndiye aliyegonga.

“Mektilda mwanangu, mbona siku hizi huonekani?”

“Shikamoo. Nina mafua tu.”

“Marahaba. Hebu fungua nikuone.”

Alipofungua, Bi Sabaha aliliona jicho lile jekundu. Alimfunika kanga kichwani kumkinga na jua, akamshika mkono hadi hospitali.

Daktari alilimulika jicho, akaona doa jeupe juu ya mboni.

“Bakteria hawa hukaa kwenye maji,” alisema. “Wameingia kwenye lenzi, nawe ukashinda nao jichoni. Ungewahi kidogo.”

Alilazwa, na matone ya dawa yaliliponya jicho, lakini kovu lilibaki, na jicho halikuona tena ila mwanga na vivuli.

Alitoka wodini na miwani mipya, mizito kama ile ya zamani. Bi Sabaha alikuwa amesafiri Lindi msibani. Wapangaji wengine walimpa pole, wakarudi kwenye shughuli zao. Jioni ile Mektilda alitoa kigoda uani, akakaa karibu na wanawake waliokuwa wakisonga ugali. Hakujua aanze kusema nini. Akabaki pale mpaka wakaepua, wakaingia ndani na watoto wao.