Mikono ya Kola na Maji ya Kisima

Mume wangu alikuwa dobi, na watu walimwita Kola. Jina hilo alilipata kwa sababu hakumtazama mtu usoni kabla hajatazama kola ya shati lake. Hata siku alipokuja kwetu kuposa, macho yalitangulia shingoni mwa baba yangu kabla ya salamu. Baba aliniuliza baadaye, "Huyu kijana amekupenda wewe au shati langu?" Nikaolewa naye hivyohivyo. Alifua nguo za mji mzima mpaka mgongo ukakataa, na za nyumbani nikafua mimi. "Kinyozi hajinyoi," ndivyo alivyojitetea kila nilipomnunia.

Mgongo ulipomshinda, binti yetu alituchukua tukakae kwake. Ni nesi, na nyumba yake ina nafasi ya kutosha, sakafu ya vigae, na kisima kirefu uani chenye pampu. Maji hayakatiki. Tena ni maangavu, baridi, matamu mdomoni. Siku ya kwanza Kola alikunywa glasi nzima akasema haya ni maji ya kufulia nguo za malaika. Sisi tulikuwa watu wa bomba moja maisha yetu yote, na maji mabaya tuliyajua kwa ulimi tu. Yakiwa na chumvi ni mabaya, yakiwa matamu ni mazuri, basi.

Haikupita wiki binti akamletea baba yake sare zake nyeupe.

"Baba, nani atanifulia hizi kama si wewe?" Jitu zima linadeka.

Mzee alifurahi mpaka akasahau mgongo. Akafungua boksi lake, akatoa burashi ya mbao, sabuni ya mche, bluu ya kung'arishia nguo nyeupe, na ile pasi ya mkaa aliyoipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Akaketi kwenye kigoda uani, akakunja mikono ya shati.

Sabuni haikutoa povu. Alifikicha, akafikicha, kikatokea kitu kama maziwa yaliyokatika kikaelea juu ya maji na kumganda vidoleni. Akaongeza sabuni. Kadiri alivyoongeza ndivyo ule utando ulivyozidi. Sare ilipokauka ilikuwa ngumu hata ungeweza kuisimamisha mlangoni ikalinda nyumba, na weupe wake umeingia kijivu. Akasema sabuni ni mbovu, tukabadilisha sabuni. Akasema kamba ina vumbi, nikaifuta kamba. Akasema bluu imepitwa na wakati, tukanunua nyingine. Mwishowe hakusema kitu, na hapo ndipo nilipoogopa, maana mume wangu hajawahi kukosa cha kulaumu.

Jioni moja nikamkuta kibarazani ameigeuza mikono yake viganja juu, anaitazama.

"Imekufa," akasema.

"Imekufa nini?"

"Hii mikono. Dobi akizeeka mgongo, atakaa kwenye kigoda. Akizeeka mikono ndiyo basi tena, Mama."

Nilimwambia asinitie uchuro. Lakini sikuweza kumcheka, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu nimelificha. Maharage yangu yalikuwa hayaivi. Nayabandika asubuhi, mpaka jua linageuka bado yanagonga meno. Nikayasaga yakawa rojo ili mtu asijue. Chai yangu ilikuwa na ngozi juu. Nywele nikiziosha zinashikana kama katani. Nikajiambia basi, uzee umeingia na kwangu, tena umepitia mlango wa jikoni. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini na wewe jaribu kumwambia mwanao kwamba umesahau kupika maharage.

Nikamwita binti pembeni nikamweleza habari ya baba yake tu. Akauma mdomo.

"Mama, hospitali tuna chumba cha kufulia. Mashine kubwa kabisa. Sare zote zinafuliwa kule, hata zangu. Nilizileta ili Baba asikae bure."

Nilimkumbatia mtoto wangu pale pale jikoni. Kisha tukapanga upuuzi wetu. Siku mzee alipofua, akaanika, akaenda kulala mchana, nilizianua sare zake za kijivu nikazificha. Mahali pake nikatundika nyingine zilizofuliwa hospitali, nikazinyunyizia maji zionekane mbichi. Nikarudi kuketi, moyo unanidunda kama mwizi wa kuku.

Kola akaamka, akaenda kambani. Akashika kola ya kwanza, akaigeuza.

"Hizi si zangu."

"Si zako vipi, na umezifua asubuhi mbele ya macho yangu?"

"Mimi naanika nguo nimeipindua, na kifungo cha juu nimekifunga ili kola isilale. Hizi hazijapinduliwa, na vifungo viko wazi." Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Mmeanza kunidanganya kama mgonjwa."

Akaingia ndani. Akaweka burashi na pasi katika boksi, akalifunga kwa kamba, akaliburuta hadi mlangoni. "Kesho dobi wa mtaani akipita, mpe. Ana mikono."

Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi niliuona moyo ukifa pale, mbele yangu, umevaa kandambili. Nilikasirika. Nikikasirika huwa napika chai. Nikachukua birika la umeme, nikamimina, na pamoja na maji kikadondoka kikombeni kipande cheupe, kigumu, kama ganda la yai. Nilikuwa nimeshavikuta vipande hivyo, na binti alishaniambia nisijali, hapa mtaani kila birika liko hivyo, ukitia siki ukachemsha vinatoka.

Kila birika. Nikasimama na kikombe mkononi. Haya, mikono ya Kola imezeeka, nami nimezeeka. Na mabirika ya mtaa mzima nayo yamezeeka?

Nikatoka na birika mkono mmoja na sufuria ya maharage mkono wa pili, nikaviweka mbele yake.

"Kula."

Akatia mdomoni punje chache. Akaacha kutafuna. "Mbona mawe haya?"

"Yako jikoni tangu asubuhi. Kila siku yako jikoni tangu asubuhi! Nakusagia ili usijue. Sasa niambie, na maharage nayo mikono imeyafia?"

Alinitazama. Kisha akalivuta birika, akaingiza kidole, akakwangua ule ukoko kwa ukucha, akauonja.

"Chokaa," akasema. "Imetoka kwenye maji? Matamu yale?"

"Matamu yaleyale."

"Na hukuniambia kuhusu maharage."

"Na wewe ulimaliza sabuni ya duka zima kabla hujaniambia kuhusu mikono."

Binti aliporudi kazini alitukuta tumeketi na birika katikati yetu kama mgeni. Akaenda kumuuliza jirani, akarudi ameshika kichwa. Maji ya visima vya huku ni magumu, jirani amesema, yamejaa chokaa inayokataa sabuni na maharage. Wenyewe hutia magadi ya kufulia kwenye beseni kwanza, ndipo waweke sabuni, na nguo nyeupe hungoja mvua. Nikamuuliza mbona hakutuambia. "Sikujua, Mama," akasema kwa aibu. "Mimi sifui hapa."

Ningependa kusema mzee alipona pale pale. Hakupona. Alitikisa kichwa akasema, "Labda ni maji. Labda ni maji na mikono pia." Boksi likabaki mlangoni limefungwa. Dobi wa mtaani alipopita nilimwambia hatuna kitu, naye Kola akasikia. Nikawa naamka nikitazama mawingu kama mkulima.

Mvua ikaja mchana mmoja, kwa kishindo. Nikakimbia na beseni kulitega chini ya paa.

"Si sasa!" Sauti ilitoka kitini, sauti ya kazini, niliyokuwa sijaisikia tangu tuhamie. "Acha paa lioge kwanza. Unataka kufulia vumbi?"

Nikangoja nimelowa, natabasamu, nimempa mgongo asinione. Paa lilipooga, beseni likajaa. Nikalileta kibarazani miguuni pake, nikaleta na ile sare ya kijivu, nikafungua boksi mwenyewe, nikampa sabuni. Hakuipokea upesi. Nilijua anachoogopa. Maadamu hajajaribu, bado anaweza kulaumu maji.

"Na kama ni mikono?" akaniuliza, taratibu, asisikie binti aliyesimama mlangoni.

"Kama ni mikono, nitakuwa mikono yako. Fua."

Akaitumbukiza mikono. Akaizungusha sabuni kidogo tu viganjani, kwa mazoea ya zamani ya mtu asiyependa kupoteza sabuni.

Povu likapanda. Lilifunika vidole, likafunika viganja, likamfika viwikoni, jeupe na jepesi, likamwagika sakafuni. Kola aliinua mikono yake akaitazama, akacheka kwa sauti. Uso wake ulikuwa umelowa, na mvua haikufika pale alipoketi.

Binti akainama amsogezee sare. Mzee akaisukuma kando kwa kiwiko.

"Hiyo ingoje."

"Baba, si ndiyo ya kazini?"

"Hospitali gani isiyo na chumba cha kufulia, mwanangu? Nilijua tangu siku ya kwanza. Ulinipa kazi, nikaipokea, kwa sababu mtoto akikupa kitu kwa moyo hukirudishi." Akanigeukia mimi. "Bibie, nipe hicho kitambaa."

Nilikuwa nimejifunga kitambaa changu cheupe cha kichwa, au kilichokuwa cheupe kabla ya kisima. Nikauliza cha nini.

"Nimefua nguo za mji mzima," akasema. "Zako sijawahi."

Jibu nilikuwa nalo, lile la kinyozi, nimelinoa miaka mingi nikisubiri siku hiyo. Nikaliacha. Nikafungua kitambaa nikampa, nikaketi karibu yake na mvi zangu wazi, nikamtazama akinifulia.