Helmeti ya Abiria wa Mara Mojamoja

Msumari alikuwa na sheria moja dukani kwake, na sheria hiyo ilimfukuzia wateja wengi kuliko ilivyomletea: hakuuza helmeti bila kukiona kichwa kitakachoivaa. Ukija kumnunulia mkeo, kamlete mkeo. Ukija kumnunulia shemeji, kamlete shemeji. Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka mpaka watu wakampa jina hilo, na neno lake likishatoka limeshagongelewa.

Kwa hiyo Daktari aliposimama mbele ya meza yake Jumatano ile, koti la kazi likinuka zizi, akasema anataka helmeti ya akiba, ya bei nafuu, ya abiria wa mara mojamoja, Msumari alimtazama kwa shaka. Daktari alikuwa daktari wa mifugo. Kwa miaka tisa alikuwa akizunguka na pikipiki kwenye mazizi ya watu, anachanja, anazalisha, anatibu, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kubeba abiria zaidi ya sanduku la dawa.

Akamuuliza abiria gani. Daktari akajibu yeyote yule, mtu akiomba lifti. Akajibu huku anaangalia rafu, na mwanamke anayeweza kumtazama fahali machoni akishindwa kumtazama muuza helmeti, ujue pana jambo.

Jambo lenyewe ni kwamba abiria alikuwa mmoja tu, tena alikuwa anakuja Jumamosi kwa basi la saa nane mchana. Alikuwa binti yake wa kumzaa.

Binti huyo alikuwa na miaka minane alipopelekwa mjini kwa shangazi yake. Baba mtu alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa amepangiwa kituo kisicho na shule ya maana. Ilikuwa aende muhula mmoja tu. Lakini muhula ukazaa mwaka, mwaka ukazaa mwenzake, na sasa mtoto alikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikwenda kumwona mara mbili kwa mwaka. Alikaa kwenye kochi la wifi yake, akapewa soda, akaulizwa habari za ng'ombe, na mtoto akaja kumwamkia kwa adabu zote kisha akakaa upande wa pili wa meza. Wifi hakuwa mtu mbaya. Lau angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi, maana angalau pangekuwa na wa kulaumiwa.

Zamani walimwita Kasuku, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Kasuku yule sasa alijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama", na mama akarudi kwake na majibu hayo mawili, ilibidi yamtoshe miezi sita. Hayakumtosha. Alimtamani mwanawe mpaka akiwa zizini, mkono wote umezama ndani ya ng'ombe anayezaa kwa shida, anajikuta anafikiria sauti ile.

Kuna mara moja mtoto aliwahi kuja. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alimwahidi kumpokea kituoni kwa pikipiki, na asubuhi ya siku hiyo akaitwa kwenye ng'ombe ambaye ndama wake alikuwa amekaa vibaya tumboni. Akasema atamaliza mapema. Alipofika kituoni jua lilikuwa linazama, na mkata tiketi alikuwa ameshampandisha mtoto basi la mwisho kurudi alikotoka. Tangu hapo kila likizo ilikuwa na sababu: tuisheni, mafua, mvua. Safari hii binti mwenyewe ndiye aliyepiga simu, akasema, "Mama, naweza kuja wiki moja?" Daktari akajibu njoo, kisha akakaa chini kwenye ndoo ya maziwa iliyofunikwa.

Hii ndiyo sababu alitaka helmeti. Hakutaka mtoto ashuke kwenye basi halafu waanze kuhangaika na usafiri. Alitaka amvalishe pale pale, ampakie, ampeleke nyumbani, kama alivyoahidi miaka mitano iliyopita.

Sasa basi, tuje kwenye kichwa. Daktari alikuwa na utepe wake wa kazi, ule unaozungushwa kifuani mwa ng'ombe ukakuambia kilo zake. Alijua vipimo vya kila ng'ombe wa eneo lile kuliko wenye ng'ombe. Kichwa cha mwanawe hakukijua. Angeweza kumpigia simu wifi, lakini afadhali atembee peku kwenye miba kuliko kumuuliza mwanamke mwingine mwanangu ana kichwa cha ukubwa gani. Asubuhi hiyo alikuwa amemshika msichana wa jirani, muuza maziwa, naye ana miaka kumi na saba, akamzungushia utepe kichwani. Msichana akauliza kama ana ugonjwa. Utepe ukasema sentimita hamsini na saba, na Daktari akaandika nambari hiyo kwenye kiganja.

Msumari alipouona utepe wenye picha ya ng'ombe ukitolewa mfukoni, sura yake ikalegea kidogo. "Daktari, huyo abiria wako ana kwato?"

Alicheka, naye Daktari akacheka, na kwa kicheko hicho mambo yakaanza kwenda. Msumari akamtolea helmeti tatu za bei ya chini. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, na kabla Daktari hajaigusa akairudisha mwenyewe, akasema aliitoa ili tu amwonyeshe asichotakiwa kununua popote. Helmeti iliyokwisha kuanguka inaweza kuwa imepasuka ndani kwa ndani na nje inang'aa. Ya pili ilikuwa na maua na kioo cheusi, nzuri kwa macho, lakini alipobonyeza povu la ndani kwa kidole gumba likabaki limebonyea. Ya tatu ilikuwa nyeupe, haina madoido, povu gumu, mkanda wenye kifungo kinacholia kikifunga. Bei yake ilikuwa ya mfuko wa Daktari. Zilikuwepo ndogo, za kati na kubwa.

"Kwa abiria wa mara mojamoja chukua ya kati," Msumari akasema. "Ila ukumbuke, helmeti inayocheza kichwani ni sufuria tu."

Hapo ndipo Daktari alipoharibu. Nambari alikuwa nayo kiganjani, na nambari ilisema ya kati. Lakini yeye hakuwahi kuziamini nambari kuliko mikono. Utepe ukisema ng'ombe ana kilo mia tatu na mkono wake ukasema mia mbili na tisini, alifuata mkono, akatoa dawa kwa kipimo cha mkono, na ng'ombe akapona. Akaichukua helmeti ya kati, akaiweka kati ya viganja, akafumba macho. Haikuwa yeye. Akachukua ndogo. Mikono ikatulia. Ilikuwa kama anamwinamisha Kasuku juu ya beseni, anamwosha nywele, povu la sabuni linateremka shingoni, na mtoto anasimulia habari ya rafiki yake aliyepoteza kiatu. Alisimama hivyo muda mrefu kidogo kuliko mnunuzi anavyosimama.

Msumari aliona. Akasema taratibu kwamba abiria wa mara mojamoja hana kichwa kimoja. Hiki alichokishika Daktari ni kichwa cha mtu. Amlete tu huyo mtu.

"Hayupo," Daktari akasema. "Nikingoja awepo nitakuwa nimechelewa."

Sijui kama Msumari alielewa. Ila kwa mara ya kwanza alivunja sheria yake, akamfungia helmeti ndogo kwenye mfuko, akamwambia isiangushwe, na ikikataa airudishe.

Jumamosi Daktari alifika kituoni saa tano asubuhi kusubiri basi la saa nane. Simu ya kazi alikuwa amemwachia mwenzake. Alikaa kwenye pikipiki na helmeti mapajani, na kila basi lililoingia alisimama, hata yale yaliyotoka upande mwingine kabisa. Mkata tiketi alikuwa bado ni yule yule, naye akajifanya kusoma gazeti.

Binti alishuka na begi moja. Alikuwa mrefu kumpita mama yake. Akaamkia, akakumbatiwa kidogo, na mama akaharakisha kumkabidhi helmeti kabla machozi hayajamwahi. Binti akaivaa. Ikafika katikati ya paji la uso, ikasimama. Akasukuma, ikamkunja masikio, haikwenda.

"Mama, haiingii."

"Sukuma nyuma kwanza."

Akasukuma nyuma. Abiria waliokuwa wanangoja basi wakaanza kutoa ushauri, maana watu wa kituoni hawakosi ushauri. Mmoja akasema ipakwe mafuta. Binti akaivua, akatazama alama ya ndani. "Hii ni ya mtoto."

Daktari aliona aibu ya kutafuta shimo la kujificha. Angeweza kumpakia bila helmeti, wengine hufanya hivyo kila siku, lakini alikuwa amepita kwenye ajali nyingi barabarani na hilo hakuliweza. Helmeti yake mwenyewe ilikuwa kubwa, ilimcheza binti kichwani. Akasema, kwa sauti ambayo hakuikusudia, "Mikono yangu ndiyo iliyochagua. Inakukumbuka ulipokuwa na miaka minane. Baada ya hapo haijui kitu."

 Binti akaliweka begi lake kwenye kiti cha pikipiki, akalifunga na mpira. "Basi tutembee," akasema.

Ilikuwa kilomita nne. Mama alishika usukani, binti akasukuma kwa nyuma. Walipoanza kupanda mlima binti akauliza, "Yule ng'ombe alipona?"

Mama hakuhitaji kuuliza ng'ombe yupi. "Alipona. Ndama wake naye sasa anakamuliwa."

"Nilikusubiri mpaka jioni. Nilijifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo wa pikipiki. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wote nitapanda."

"Najua, mwanangu."

"Hujui, Mama. Hukuwahi kuuliza."

Ni kweli hakuwahi. Kila alipokaa kwenye lile kochi aliogopa jibu, akauliza habari za hesabu na Kiingereza. Sasa akauliza. Na binti, akiwa nyuma ya pikipiki ambako hakulazimika kumwangalia mama yake usoni, akaanza kusema. Alisema habari ya mkata tiketi aliyempa karanga. Alisema habari ya shangazi aliyemwambia asilie, mama ana kazi nyingi. Alisema mengine mengi, ya shule, ya rafiki aliyekosana naye, ya jino lililong'olewa bila mama kujua, na walipofika nyumbani alikuwa bado anasema. Daktari alisukuma pikipiki taratibu kuliko ilivyohitajika. Kama wangeipanda, upepo na helmeti mbili, asingesikia hata neno moja.

Jumatatu walikwenda dukani kwa miguu. Msumari aliinua macho.

"Nimeleta kichwa," Daktari akasema.

Msumari akamtazama binti, akamtazama mama. Akatoa ya kati. Binti akainama, na mama akamvalisha mwenyewe, akamtikisa kichwa kushoto na kulia ili aone kama ngozi ya shavu inafuatana na helmeti. Ilifuatana. Akafunga mkanda, kifungo kikalia, na vidole vyake vikabaki chini ya kidevu kile kwa muda kidogo, vinajifunza.

Wiki ilikwisha upesi. Walizunguka mazizi yote, binti nyuma na sanduku la dawa mapajani. Jumamosi mama alimrudisha kituoni, na kabla ya kupanda basi binti akavua helmeti, akaishika kifuani kama hataki kuiacha.

"Utakuja tena lini?" mama akauliza.

"Likizo ijayo, Shangazi akikubali." Kisha akasema, "Mama, usimvalishe mtu mwingine."

Basi likaondoka. Daktari akaifunga helmeti nyuma yake kwenye kiti, akapitisha mkanda kwenye chuma na kukaza, na njia nzima alikwenda polepole kama mtu aliyebeba abiria. Nyumbani aliitundika kwenye msumari karibu na mlango. Jioni aliipitia akainusa ndani, ikanuka mafuta ya nywele, na akalia bila kujificha, kwani hapakuwa na wa kumficha.

Wiki ya pili mfugaji mmoja alimsimamisha njiani, anahema. Mbuzi wake amevimba tumbo, nyumbani ni mbali, na amekuja mbio. Akaomba apakiwe. Daktari akasema samahani, hana helmeti ya abiria.

Mfugaji akatazama kiti cha nyuma, ambako helmeti nyeupe, ile Daktari aliyoitoa msumarini kila asubuhi, ilikuwa imefungwa vizuri, haina hata vumbi. "Na hiyo je, Daktari?"

"Hiyo ina kichwa chake," Daktari akasema. Akawasha pikipiki, akamwambia afuate kwa miguu, yeye anatangulia kwa mbuzi.