Bampa Nyeusi ya Rowland

Wewe umewahi kumwona mtu akifunga kitu kipya huku macho yake yakiwa kwenye kile alichokitoa? Mimi nimemwona, naye ni mume wangu Rowland, katika gereji yetu hapa karibu na Evesham, Uingereza, Jumamosi moja ya manyunyu mwezi wa nne.

Gari lenyewe ni MG ya viti viwili, rangi ya chungwa lililoiva. Rowland alilinunua likiwa jipya, mwaka tuliooana. Magari ya miaka ile yalitoka na bampa nyeusi za mpira, nene, zimetokeza mbele kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Yaliyotangulia yalikuwa na bampa za kromu na shoo ya mbele, ya fito zinazometameta. Basi wenye kromu hawawaachi wenye mpira wapumue. Kila mkutano wa chama cha wenye magari haya, pale nyuma ya baa, ni utani tu.

"Rowland, leo umekuja na gari au na buti la mvua?" Trevor humwuliza. Trevor ni rafiki yake tangu shule, na mdomo wake hauna breki.

Rowland hucheka. Akirudi nyumbani haongei mpaka chai ya pili.

Mwaka huu akaona yaishe. Akaagiza bampa ya kromu, shoo, na vipande vya kuziba chini ya taa. Trevor akaja kusaidia, na trela lake nyuma, ili ile nyeusi aipeleke jalalani moja kwa moja.

Kuitoa kulitaka watu wawili, maana ndani ya ule mpira mna chuma. Trevor alitaka kuiburuta. "Taratibu, bwana," Rowland akasema, akavua koti lake, akalitandika sakafuni, wakailaza juu yake. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai na keki ya plamu. Nikaliona lile koti.

Wakapachika shoo, wakaishikiza kwa skrubu zake ndogo. Kisha bampa, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, na mimi napitisha bolti. Katika kazi hii hukazi kitu mwanzoni. Unazungusha nati kwa vidole tu ili bampa isogezeke, halafu unatoka nje kuitazama kwa mbali. Ukiridhika ndipo unashika spana.

Rowland akatoka hadi barabarani, akatazama. Akarudi, akainua upande wa kushoto kiasi cha upana wa kucha. Akatoka tena. Akarudi, akaushusha palepale ulipokuwa.

"Imenyooka hiyo, mzee! Kaza tukale."

"Bado kidogo."

"Bado nini? Shemeji, mwambie mumeo. Hata siku ya harusi hakukagua hivi!"

"Siku ya harusi nilikagua mimi," nikamjibu, naye akacheka hadi akamwaga chai.

Rowland hakucheka. Alikuwa anaifuta spana kwa kitambaa, na spana haina hata doa.

Gari lilikuwa limependeza, siwezi kusema uongo. Liling'aa mpaka nikaona ndani yake jinsi nywele zangu zilivyotimka. Lakini lilikuwa kama gari la mgeni lililoegeshwa kwetu. Na trela likishaondoka, ile nyeusi ndiyo basi. Ina kovu upande wa kulia, pale nilipogonga nguzo ya lango nikijifunza kuendesha. Mpira ukabonyea, ukarudi, tukacheka sote wawili hadi tukashindwa kushuka.

Ningeweza kumsemea. Lakini Trevor amemsemea maisha yote. Sikutaka kuwa wa pili. Nikamkatia keki, nikangoja.

Trevor akachoka. "Haya, wewe kagua. Mimi napakia uchafu huu." Akashika ncha ya bampa nyeusi, akaanza kuivuta kutoka kwenye koti. Ikakwaruza saruji.

"Trevor."

"Naam?"

"Iache."

"Niiache mpaka lini? Mvua hiyo inakuja."

Rowland akaweka spana kwenye sinia, kando ya keki. Akainama mbele ya gari, akaanza kuzifungua nati za kromu kwa vidole, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja aliyokuwa ameikaza.

"Ilete hapa, shika upande wako," akasema. "Gari langu nalitaka na mdomo wake."