Mwanafunzi Mbaya wa Mwalimu Ombati

Mwalimu Ombati alifundisha uashi katika chuo kimoja cha ufundi juu ya mgongo wa kilima cha Manga, na karakana yake haikukosa watu wasio wake. Wasichana wa ususi na vijana wa umeme walipita makusudi karibu na dirisha ili wamsikie akimkaripia mtu aliyepindisha ukuta.

"Huu ukuta wako unaenda Keroka?" alikuwa akiuliza. "Basi uage vizuri. Usiondoke kimya kimya."

Darasa zima lilikuwa likicheka, hata yule aliyekosea, kisha alibomoa na kuanza upya.

Kwa hiyo Emmah Achola alipoajiriwa kurekodi masomo ya chuo, hakujiuliza aanze na nani. Emmah alikuwa mwenyeji wa upande wa Homa Bay, na kazi ya video alikuwa ameisomea Kisumu. Chuo kilikuwa kimepata kamera, maikrofoni na ubao mkubwa wa kidijitali, ule unaougusa kwa kidole na picha zikaanza kutembea. Mkuu wa chuo, Madam Nyamusi, alitaka wanafunzi wa mbali, hasa wale wa Nyansiongo waliofungwa na ng'ombe na majani chai, wayapate masomo kwenye simu zao siku ambazo hawangeweza kufika.

"Ombati hafundishwi kuongea," Madam Nyamusi alimwambia. "Wewe washa tu kamera."

Emmah akawasha kamera. Ombati alikuja amevaa suti ya kijivu ambayo watu walizoea kuiona kanisani siku ya Sabato. Alisimama kando ya rundo la matofali, mikono nyuma, kidevu juu.

"Wanafunzi wapendwa," alianza, kwa sauti ambayo si yake. "Katika kipindi cha leo tutaangazia, kwa mapana na marefu, suala zima la tofali."

Akakwama hapo. Aliitazama lenzi kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Endelea tu, mwalimu," Emmah alisema.

"Tofali," Ombati alisema, "ni kitu muhimu."

Hapo ndipo somo lilipoishia.

Siku iliyofuata Emmah alimwomba avae nguo zake za kazi, akamwandikia maneno makubwa kwenye kadibodi na kuyashika nyuma ya kamera. Ombati aliyasoma yote bila kuruka. Alipofika mahali Emmah alipomwandikia kwamba sasa anyanyue mwiko, alisoma kwa makini, "Sasa nyanyua mwiko," huku mwiko wenyewe ukiwa umelala chini.

Emmah akafikiri labda anakosa watu wa kusema nao. Akawaita wanafunzi. Walikuja wamechana nywele, na Purity, ambaye kwa kawaida ndiye aliyebishana na mwalimu kuliko wote, alikuwa amepaka midomo rangi. Hakuna aliyetaka kuaibika kwenye video, kwa hiyo hakuna aliyegusa tofali. Kila alichosema Ombati walijibu pamoja, "Ndiyo, mwalimu," kama kwaya iliyochoka.

Madam Nyamusi akaanza kuwa na wasiwasi. Wageni waliofadhili vifaa hivyo walikuwa wanakuja Alhamisi kuona masomo hayo mapya, na hapakuwa na somo. Jumanne aliwaita wote darasani, akawaonyesha kwenye ule ubao mkubwa video ya uashi aliyoipata mtandaoni. Mwashi wa ng'ambo alijenga kwa matofali laini kama sabuni, akipima kwa kifaa kilichotoa mstari wa mwanga mwekundu.

"Mwalimu, hicho kifaa cha mwanga tutakipata wapi huko kwetu Gesima?" Purity aliuliza.

Watu wakacheka. Ombati hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka.

Emmah alimfuata hadi karakana. Alimkuta akisafisha mwiko uliokuwa tayari safi.

"Mwalimu, tujaribu tena."

"Emmah, mimi si mtu wa televisheni. Mtu akiniangalia bila kusema kitu, ninakauka. Hiyo mashine yako haikosei, haiulizi, haichoki. Nitaifundisha nini?"

"Mara moja tu. Ukishindwa, sitakusumbua tena."

Ombati alikubali kwa kuguna. Akakoroga saruji na mchanga, akafunga kamba ya kunyooshea, akalaza mstari wa kwanza wa matofali bila neno. Kisha akasema anaenda kunywa chai kwanza, maana koo limemkauka.

Emmah akabaki peke yake. Aliacha kamera ikirekodi ili aone mwanga unavyoanguka ukutani, kisha, kwa kutaka kujua kivuli cha mtu kitafika wapi, akachukua mwiko na kujaribu kulaza tofali. Saruji ilimwagika kwenye viatu vyake. Aliongeza nyingine. Tofali likaelea juu yake, likainama upande mmoja.

"Yaya! Yaya!" Sauti ya Ombati ilitoka mlangoni, ikikataa kwa lugha ya kwao. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi. "Unajenga ukuta au unapika ugali? Toa hiyo!"

"Nilikuwa ninajaribu tu, mwalimu."

"Kujaribu gani huko? Unalishika tofali kama mtoto wa mtu. Lishike kama lako!" Aliweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha, akaja mbio. "Tazama. Saruji kidogo, unaitandaza, unaichorea mfereji katikati. Mfereji wa nini?"

"Sijui."

"Tofali likikaa, saruji ipate pa kwenda! Mtu akikalia kiti si lazima apate pa kuweka miguu? Haya, laza. Gonga. Gonga kwa upole, halijakukosea."

Emmah alilaza, akagonga, likapinda tena. Ombati alishika kichwa. Alimletea timazi, akamwonyesha uzi na kile kichuma kinavyoning'inia, akamwambia kwamba mtu anaweza kudanganywa na macho yake, lakini kichuma hakijawahi kupokea chai ya mtu yeyote ili kiseme uongo. Emmah akacheka hadi mwiko ukamwanguka.

Alipoinama kuuokota ndipo alipoiona ile taa ndogo ya kamera. Ilikuwa bado inawaka.

Angeweza kunyamaza. Akaendelea hadi tofali likakaa sawa, na Ombati akasema, "Mbuya mono! Vizuri sana!" kwa furaha ya kweli. Kisha Emmah akaweka mwiko chini.

"Mwalimu, ni lazima nikwambie. Kamera ilikuwa inarekodi. Sikupanga, nilikuwa nimesahau. Ukisema nifute, ninafuta sasa hivi."

Uso wa Ombati ulibadilika. "Umeniotea kama kuku kwenye kiota."

"Ndiyo, na pole sana."

Ombati alichukua chai yake, akainywa ikiwa baridi. "Nionyeshe kwanza," alisema. "Nijue unafuta nini."

Walitazama pamoja kwenye kioo kidogo cha kamera. Mwanzoni Ombati alikunja uso. Emmah wa kwenye video alipomwaga saruji kwenye viatu, mdomo wa mzee ulitikisika. Penye timazi akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa mkono uliojaa saruji.

"Huyu mzee anaongea sana," alisema. "Lakini ukuta anaujua. Usifute."

Akafikiri kidogo. "Kesho tufanye ya kona ya ukuta. Wewe shika mwiko."

"Hata ukijua kamera inawaka?"

"Kamera sitaiona. Nitakuwa ninakuangalia wewe ukiniharibia matofali."

Alhamisi wageni waliketi mbele ya ubao mkubwa na kutazama masomo yote mawili. Mmoja wao, mama aliyekuja amenuna, aliomba la pili lirudiwe, mahali Emmah alipojifungia ndani ya kona yake mwenyewe. Madam Nyamusi alitembea siku nzima kama mama aliyemwoza binti yake.

Wiki hiyo hiyo video zikafika Nyansiongo. Mwanafunzi aitwaye Nyakerario, aliyekuwa hajaonekana darasani tangu ng'ombe wake azae, alituma video yake fupi: alikuwa amejenga ukuta wa banda la ndama, na alisimama kando yake akitabasamu. Ombati aliikuza kwenye ule ubao kwa vidole viwili, akasogeza uso karibu.

"Emmah! Washa kamera haraka. Nyakerario, tofali la tatu kutoka chini limelewa! Liamshe!"

Baada ya hapo zilikuja nyingine, kutoka Gesima na kwingineko, hata za watu ambao hawakuwa wanafunzi, na Ombati alizijibu moja moja bila suti na bila kadibodi.

Tatizo jipya lilitokea walipofika somo la madirisha. Emmah alilaza tofali, akagonga, akapima kwa timazi. Lilikuwa sawa kabisa. Ombati alisubiri. La pili likakaa sawa pia.

"Yawa, mwalimu, mbona huongei?" Emmah alishangaa.

"Niongee nini? Umeshajua!" Ombati alitupa mikono. "Tumeharibikiwa. Tutafute mwanafunzi mwingine mbaya."

Madam Nyamusi alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Alivua viatu vyake vya visigino, akavaa gambuti za Ombati zilizomzidi, akanyoosha mkono apewe mwiko.

"Mimi sijawahi kushika hata tofali moja," alisema. "Lakini Mwalimu Ombati, usinionee aibu."

"Madam," Ombati alisema, akitabasamu huku Emmah akikimbilia kamera, "hapa hakuna madam. Laza tofali."