Probu ya Volti Mia Sita

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, ndiyo siku aliyonifia mke wangu Devotha, kiwandani hapa Morogoro. Yeye fundi umeme, mimi mfagiaji. Wenye kiwanda wapya walishauza vifaa vya zamani kama chakavu, pamoja na probu yake nene, ile ya kupimia umeme mkubwa.

Meneja akamletea nyembamba. "Mama, probu ni probu. Pima, mota iwake."

"Bosi, hii mwisho wake volti mia sita. Mota ni elfu tatu."

"Basi getini wamejaa wanaotaka kazi."

Devotha akanigeukia. "Baba Witness, nikinaswa usinishike."

Akaweka mkono wa kushoto mgongoni, kama mafundi wanavyofundishwa, umeme usikatize kifuani. Lakini hata mkeka wa mpira wa kusimamia walishauuza. Alipogusa mota, umeme ukampitia ukashukia miguuni.

Pole waliyonipa ni kumwajiri binti yetu Witness mahali pa mama yake. Leo asubuhi kakabidhiwa probu. Nimesimama mlangoni na fagio langu, namwuliza kila bosi anayepita: hiyo imeandikwa volti ngapi?