Saa ya Mungu

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, na kila alipotoka alituachia hesabu. Alichukua umbali, akagawa kwa mwendo, akapata muda. Halafu akaongeza saa moja. Hiyo aliiita saa ya Mungu: ya pancha, ya mvua, ya kusimama kusali. "Gari la tajiri, barabara ya serikali, muda wa Mungu," alikuwa akisema huku akifunga viatu. Nami niliteleka maji yake ya kuoga kwa hesabu hiyo, wala hakuwahi kuyakuta yamepoa.

Binti yetu alijifunzia hapo. Sasa yuko darasa la mwisho, na mtihani wa kwenda sekondari ni wiki ijayo. Mwalimu wake aliniita. Akasema mtoto ni mwepesi, kugawa hakosei, lakini kila swali la mwendo na muda lazima aongeze saa moja. Alishamtania mbele ya wenzake, hayo malori yake yanasimama wapi kunywa chai. Darasa likacheka, yeye hakucheka, na hakubadilika. Akiyakosa maswali hayo, nafasi itampita.

Alasiri nilikaa naye mkekani nikamwambia anisomee moja. Lori linaondoka saa mbili asubuhi kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Safari ni kilomita mia mbili na arobaini. Litafika saa ngapi?

Akaandika saa saba.

"Ni saa sita, mwanangu."

"Na saa ya Mungu, Mama? Baba hakuwa mwongo."

Siku ile ya ajali iliyomchukua baba yake mimi nami niliiongeza hiyo saa, nikaongeza na nyingine, nikachochea moto mpaka maji yakakaukia sufuriani. Sikumlaumu Mungu, na leo simlaumu. Ila nilingoja.

"Hakuwa mwongo," nikamwambia. "Lakini lori la mtihani halina dereva. Halipati pancha, halisali, na hakuna anayelingoja nyumbani. Lihesabie njia yake tu."

Alikishika kifutio muda mrefu. Mwisho akafuta, akaandika saa sita, akapuliza uchafu wa kifutio.

"Kwa hiyo hili limefika," akasema.

"Limefika."

Akainamia swali la pili. Mimi nikainuka kwenda jikoni, nikakaa mbele ya jiko ambalo sikuwa nimeliwasha.