Mbaazi za Gredi ya Kumi

Bi Ummukulthum hakuwa mtu wa kijicho. Ukimuuliza mwenyewe ndivyo atakavyokujibu, na atakujibu kwa sauti ile ile aliyofundishia biolojia miaka thelathini na mmoja katika shule moja ya upili kisiwani Mombasa, sauti isiyongoja swali la pili. Basi tuseme tu kwamba Januari ile, gredi ya kumi ya kwanza ilipoingia na mtaala wake mpya, na mwalimu mkuu akampa darasa hilo Arnold Wekesa, kijana aliyekuja juzi kutoka Bungoma, Bi Ummukulthum alikosa usingizi siku tatu, akasema ni joto.

Darasa lenyewe hakulililia sana. Alichokililia ni somo la kwanza. Kila mwaka, watoto wakiwa bado wageni, yeye huingia bila kusema neno, akaweka mezani vitu viwili: jiwe, na konokono aliyejifungia ndani ya nyumba yake. "Kipi kina uhai?" Kisha hukaa kimya. Watoto hubishana, hucheka, huchoka, mpaka konokono mwenyewe atoe pembe zake na darasa zima lipige kelele. Kuna madaktari wazima mjini humu ambao wakikutana naye Biashara Street huacha kuchagua leso na kumwambia, "Mwalimu, wamkumbuka yule konokono?" Somo lile lilikuwa lake. Sasa amepewa mtu anayevaa tai saa sita mchana.

Kibaya zaidi, Wekesa alikuwa na adabu. Mtu mwenye kiburi ni rahisi kumchukia, lakini huyu kila asubuhi alisimama akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Umeamkaje?" Mama! Kana kwamba amemkuta barazani akingoja pensheni. Bi Ummukulthum aliitikia marahaba, huku roho inamuuma.

Ukuta kati ya madarasa yao ulikuwa mwembamba. Upande huu yeye aliwafundisha kidato cha nne. Upande wa pili gredi ya kumi walikuwa wakicheka. Wiki ya kwanza Wekesa aliwapeleka ufuoni Kibarani, palipokuwa jaa la taka zamani, wakahesabu kila kinachoishi pale: kaa, mikoko michanga, ndege, hata ukungu uliomea ndani ya kiatu kilichotupwa. Walirudi na matope mpaka magotini, wakisema wote kwa pamoja. Bi Ummukulthum aliwasikia akasahau alikuwa amefika wapi ubaoni. Miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyewahi kurudi nyumbani na matope kwa ajili ya somo lake.

Ijumaa Wekesa alimletea chupa ya mbaazi kavu alizonunua sokoni Markiti. Ufunguo wa stoo ya maabara alikuwa nao Bi Ummukulthum.

"Nihifadhie mpaka Jumatatu, mama. Kila mtoto ataotesha nne ndani ya pamba. Nataka waone kitu kinachoonekana kimekufa kikiamka."

Kitu kinachoonekana kimekufa kikiamka! Si konokono wake huyo? Amevuliwa nyumba akavishwa ganda la mbaazi! Wekesa hakuwa amewahi kulisikia somo lile, lakini Bi Ummukulthum hakutaka kusikia habari hiyo. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akatabasamu.

Jumamosi adhuhuri, nyumbani kwake Kibokoni, alibandika maji. Mwanamke aliyewafundisha maelfu ya watoto namna mbegu inavyolala na kuamka alizimimina mbaazi ndani ya sufuria, akazichemsha dakika kumi, akazianika kwenye ungo juu ya paa mpaka zikakauka, akazirudisha chupani. Na mkono una mazoea yake. Maji yalipotokota alitupia chembe ya magadi, kama afanyavyo kila apikapo mbaazi ili ziive upesi. Hata hakutambua kwamba ametia.

Aliyetumwa stoo Jumatatu kuchukua ile chupa na kuwagawia wenzake ni Mbeyu, msichana mrefu, mnyamavu, ambaye mamake huuza mahamri na mbaazi za nazi pale kivukoni Feri kila asubuhi. Kufikia Jumatano pamba zilikuwa zinanuka. Ijumaa maji yalifanya povu. Watoto arobaini na wawili, na hakuna hata mbegu moja iliyochipua. Upande wa pili wa ukuta hakukuwa na kicheko tena. Siku hiyo Bi Ummukulthum alikunywa chai yake kwa raha, akaongeza na sukari.

Raha yenyewe haikumaliza wikendi. Jumatatu, Ken, bingwa wa maneno wa darasa lile, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani: "Chupa alibeba nani? Na mama ya nani anapika mbaazi? Zetu zimeliwa Feri, sisi tukaletewa makombo!" Wenzake wakacheka. Wakati wa mapumziko Mbeyu alikaa peke yake chini ya dirisha la maabara, mkate wake mkononi, hauli. Bi Ummukulthum alimwona. Alijiambia kwamba watoto hutaniana. Alijiambia hivyo mara tatu, kisha akafunga dirisha.

Wekesa ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia kwamba katika somo hili mtu hashtakiwi mpaka jambo lijaribiwe, na atakayetaka kujaribu ajitokeze. Mbeyu akanyoosha mkono.

Baada ya siku nane, Wekesa alimfuata Bi Ummukulthum kwenye chumba cha walimu.

"Mama, watoto wamepata majibu, lakini mimi mtu wa bara, mambo ya mbaazi siyajui. Njoo utusikilizie." Akasita kidogo. "Na nimesikia habari za konokono wako. Tangu wiki jana nataka kukuomba uwafundishe somo lile, nikaogopa utaona nakusumbua."

Bi Ummukulthum alinyanyuka akamfuata.

Mbeyu alikuwa amesimama mbele, vikombe vitatu mezani.

"Mbaazi hizi nimenunua duka lile lile la Markiti," alianza. "Kikombe cha kwanza ni mbichi. Zimechipua siku ya tano, kwa hivyo maji yetu hayana kosa, wala pamba. Cha pili nilichemsha kwanza, zimeoza. Cha tatu nilichemsha kwa magadi." Akachukua mbegu moja ya zile za chupa ya mwanzo akaiweka kando ya kikombe cha tatu. "Tazameni rangi. Tazameni ganda linavyobanduka. Zetu zilikuwa hivi."

"Si ndiyo hayo niliyosema!" akadakia Ken.

"Mamangu hatii magadi," alisema Mbeyu. "Watu wa Feri wakionja magadi wanahamia kwa jirani. Njoo ujaribu, hata kesho. Aliyezipika hizi ni mtu mwingine."

Darasa likamgeukia Ken.

"Basi ni huyo mwenye duka!" alisema Ken. "Anauza mbaazi mbovu! Twendeni leo leo tukamwaibishe."

Wengine walikwisha kushika mikoba. Wekesa akageuka. "Mama, wewe wasemaje?"

Bi Ummukulthum akasimama, na mara wote wakanyamaza. Macho ya watoto arobaini na wawili yalikuwa kwake, hakuna aliyekohoa. Ndio ukimya aliokuwa akiutamani tangu Januari. Aliviangalia vile vikombe vitatu vilivyopangwa sawasawa, kila kimoja na karatasi yake, na hata saa ile roho ilimuuma, kwamba kazi nzuri kiasi hicho imefanywa katika darasa lisilo lake.

"Si mwenye duka," alisema. "Wala si mamake Mbeyu. Ni mimi. Nilizichemsha kwangu, Jumamosi, kwa makusudi. Na magadi nilitia. Mbeyu, mwanangu, nimekukosea."

Ken aliinama akatazama meza.

"Kwa nini, Mwalimu?" aliuliza Mbeyu. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza tu kwa kuwa hakujua.

Zilikuwepo sababu nyingi ambazo angeweza kuzitoa: mtaala, uzee, mwalimu mkuu. Bi Ummukulthum aliziacha zote.

"Kwa wivu," alisema. "Mlikuwa mwacheka, nami nawasikia ukutani."

Mbeyu akarudi kwenye daftari lake. Chini kabisa, baada ya majedwali yote, alikuwa ameandika neno Hitimisho, na chini ya neno hilo hapakuwa na kitu. Alishika kalamu, akamtazama mwalimu.

"Niandike?"

"Andika," alisema Bi Ummukulthum. "Na jina langu uliandike lote."